Mama Faili na Jina la Nesi

Mpaka leo nikisikia neno faragha likitamkwa jukwaani, nainuka na kutoka nje. Neno halina kosa. Mwenye kosa ni mtu niliyemsikia akilitamka mara arobaini kwa siku, pamoja na mimi niliyekuwa nampigia makofi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria nilipopelekwa mafunzo ya miezi mitatu kwenye shirika linalotetea haki za raia na usiri wa taarifa zao kwenye simu na mitandao. Mkurugenzi alikuwa wakili mwenye sauti tamu na suti za kubana, na sisi wanafunzi tulimpachika jina la Bwana Faragha. Ofisini kwake kulikuwa na kiti cha kuzunguka, picha sita akipeana mikono na wakubwa, na mlango usiofungwa. Kila mwenye shida aliisimulia pale huku foleni nzima imetega masikio. Hakuna aliyeona hicho ni kituko isipokuwa Mama Faili.

Mama Faili ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu. Mjane wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikuwa amekaa kwenye chumba kile cha mafaili miaka kumi na minne. Alisomesha watoto wanne kwa kazi hiyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujua mama yao anashughulika na kesi ya nani. Wateja aliwaita kwa namba. "Sabini na mbili amefika, mpeni maji," angesema, na sisi tukaziba midomo tusicheke.

Alikuwa na namna yake ya kuficha jina la shahidi. Anachapa maelezo kwenye karatasi, anafuta kila jina kwa kalamu ya wino mzito, anatoa fotokopi, kisha anaipeleka dirishani na kuiinua juani. Akiona hata mkia wa herufi anaongeza wino na kutoa kopi nyingine. Ile mbovu anaichana na kuiloweka kwenye ndoo ya maji. Ukurasa mmoja ulimla robo saa au zaidi. Tulikuwa tunamtania kwamba leo Mama anafua.

Ndipo akaja nesi. Alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya kiwanda kimoja kikubwa, na alikuwa ameona majibu ya vipimo vya wafanyakazi yakitumwa moja kwa moja kwenye simu ya meneja. Mwenye mimba, mwenye kisukari, mwenye virusi, wote. Zikipita wiki mbili tatu, mgonjwa anaachishwa kazi. Nesi aliyaandika yote kwa tarehe. Sharti lake lilikuwa moja tu, jina lake lisijulikane, kwa sababu nyumbani kwao ni yeye peke yake aliyekuwa na kazi, na baba yake alikuwa amepooza. Mimi ndiye niliyechukua maelezo yake. Alipositasita kutia sahihi, nilimshika mkono.

"Dada, hapa jina lako halitoki," nilimwambia. "Ndiyo kazi yetu."

Akasaini.

Bwana Faragha alikuwa ameshawaalika waandishi wa habari. Siku yenyewe, saa nane mchana, aliingia chumba cha mafaili akiwa tayari amepaka manukato.

"Mama, yale maelezo yako wapi?"

"Niko ukurasa wa tatu. Ziko kumi na moja. Kesho asubuhi utayapata."

"Kesho? Waandishi wanafika saa kumi, na wewe unaanika karatasi dirishani kama mboga?" Akanigeukia mimi. "Wewe kompyuta unaijua. Weka visanduku vyeusi juu ya majina, tumalize habari hii."

Mama Faili alivua miwani. "Mwanangu, usitoe kitu ambacho sijakikagua."

"Mama, ni cheusi tii, hakuna kinachoonekana," nilimjibu, tena nilijiona mjanja.

Dakika ishirini zilinitosha. Kurasa zilipendeza, weusi umenyooka kama umepigwa rula. Bwana Faragha akaziweka kwenye tovuti ya shirika, kisha akasimama mbele ya kamera na kuanza faragha hii na faragha ile.

Nilichokuwa sijui, na ningekijua kama ningejaribu dakika moja tu, ni kwamba ule weusi ulikuwa kifuniko. Herufi zilikuwa chini yake, nzima. Yeyote aliyeyanakili maandishi ya ukurasa ule na kuyabandika kwingine alilipata jina la nesi, zamu yake, mpaka namba yake ya simu. Watu wa kiwandani walijaribu. Kesho yake saa sita mchana nesi alikuwa ameshakabidhiwa barua ya kufukuzwa, na saa saba alikuwa amesimama mbele yetu, sare bado iko mwilini.

Bwana Faragha alimpokea mlango ukiwa wazi, kama kawaida. Neno samahani halikumtoka. Alisema kumetokea changamoto ya kiufundi. Kisha akasogeza kiti.

"Lakini dada yangu, tutazame na upande wa pili. Jina limeshatoka, huna tena cha kuficha. Ukikubali tukupige picha, usimulie kwa sauti yako mwenyewe, kampeni yetu itapata uso."

Mpiga picha alikuwa ameshaitwa. Nilimwona koridoni akikaza kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Nimewahi kuona uchafu mwingi, lakini ule uliupita wote.

Nesi hakuitazama kamera. "Nani alifuta jina langu?" aliuliza.

Bwana Faragha alijikuna kidevu. Mimi nilikuwa kando ya mlango. Barua yangu ya kumaliza mafunzo ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi, na hiyo ndiyo niliyoifikiria. Naliandika hili hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa sina wa kumsingizia. Mimi nilikuwa uchafu ule ule, ila sikuwa na suti.

"Mafaili yote yako chini yangu," alisema Mama Faili kutoka koridoni. "Hilo nalo limetoka chumbani kwangu."

"Umesikia mwenyewe," Bwana Faragha alidakia. "Hatua zitachukuliwa. Mama, kabidhi funguo."

Nesi alimtazama Mama Faili. Akageuka, akatoka. Bwana Faragha aliivuta barua yangu, akaisaini bila kuisoma. Ilisema mimi ni mwangalifu katika kutunza siri za wateja.

Nilimkuta Mama Faili akimwaga maji ya ile ndoo.

"Mama, nisamehe. Kwa nini umesema ni wewe?"

"Nilikungoja useme. Nikaona husemi, na mwenye haki ya kujibiwa amesimama pale kama mshitakiwa." Aliifunika ndoo. "Samahani yako sina kazi nayo. Wanangu wamekua, mimi nitakula. Yule binti anaondoka bila kujua ni nani hasa aliyemponza. Hajafika mbali."

Nilikimbia. Nilimkuta ng'ambo ya barabara, nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, barua iko magotini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: visanduku vyeusi, dakika ishirini, namna nilivyoambiwa nisitoe na nikatoa. Nilitarajia kofi, na lingenipa nafuu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa kalamu kwenye mfuko wa sare.

"Jina lako kamili ni nani?"

Nilimtajia yote matatu. Akayaandika nyuma ya barua ya kufukuzwa, akanipa karatasi nihakikishe kama hakukosea, nami nikahakikisha.