Waziri wa Firauni Hana Hatia

Siku tatu sikupata usingizi kwa ajili ya kipande cha mfupa kilichomo ndani ya fuvu la mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Nilikuwa na digrii ya historia, sina kazi, na nataka kuoa. Nikiulizwa yule Firauni kijana aliuawa na nani, niseme ninalolijua, au niseme litakalonipa mke?

Anayecheka hakupata kumjua ami yake yule binti niliyetaka kumposa. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na kila aliyekuja kuposa nyumbani kwake Bawshar, hapa Maskati tulikohamia kutoka Unguja, alihojiwa juu ya kaburi la Firauni huyo wa Misri. Watu wengine huulizia sala, kazi, na ukoo umetokea mtaa gani Unguja. Hayo ami aliwaachia wanawake, ambao walikuwa wameshayajua yote kabla posa haijafika. Mhandisi mmoja wa kiwanda cha Rusayl, mwenye gari na kiwanja, alikataliwa kwa kusema kwamba kaburi lile lina laana na humuua kila anayeliingia. Ami akamwuliza mbona aliyelifukua aliishi miaka mingi baadaye. Lazima nikiri, hapo ami alikuwa sawa. Aliyefariki upesi ni bwana aliyelipia uchimbaji, naye aliumwa na mbu, kidonda kikaingia uchafu. Ikiwa mbu ni laana, basi sisi watu wa Unguja tumelaaniwa sote.

Shida ilikuwa imani ya ami mwenyewe. Kwake yeye, mfalme alipigwa nyuma ya kichwa, na aliyepanga ni waziri wake mzee, ambaye baadaye alikikalia kiti. Ushahidi wake ulikuwa picha ya zamani ya eksrei yenye kile kipande cha mfupa. Lakini maiti ilikuwa imepitishwa kwenye mashine mpya, na wataalamu wakasema hawaoni dalili ya pigo. Kilichovunjika ni mguu, juu ya goti, na huenda ndio uliomuua. Nilisoma habari ile mara tano nikitafuta upenyo wa kumwingiza waziri. Sikuupata.

Nikamweleza mama, naye anasukuma chapati.

"Mkubalie tu," akasema. "Firauni nduguyo?"

"Lakini si kweli, mama."

"Mimi nna wasiwasi na wewe. Unataka kuoa, au unataka kumtoa waziri jela?"

Nikampigia simu binti mwenyewe. "Shauri yako," akanijibu, akakata. Maneno mawili hayo niliyachunguza kuliko wataalamu walivyolichunguza fuvu. Alikasirika? Aliniamini? Au alikuwa anaitwa jikoni?

Alhamisi baada ya Alasiri tukatoka kwetu Hail kwenda Bawshar, mimi na baba. Ami alitupokea kwenye majlis, chumba chake cha wageni, akiwa na faili zima la picha na magazeti. Wazee watatu walikuwa wameegemea ukuta. Hadithi wanaijua kwa moyo, na vichwa vyao vilitikisika kila panapostahili.

"Mtazame waziri," ami alisema, akigonga picha ya ukuta wa kaburi. "Kavaa ngozi ya chui, anamfanyia maziko kwa mkono wake mwenyewe! Na kaburi lenyewe dogo, si la mfalme, kapachikwa humo haraka haraka." Akafunga faili. "Siku zote ni naibu. Unamfundisha kazi, unamkalisha karibu yako, unamwonyesha majalada, unamtambulisha kwa wakubwa..."

Sikumbuki kusoma popote kwamba Firauni alikuwa na majalada. Lakini Maskati nzima ilijua kwamba ami alistaafishwa wizarani kabla ya wakati, na kiti chake kikakaliwa na naibu aliyemwajiri mwenyewe. Sasa nikawa na washtakiwa wawili. Nikikubali, nitakuwa nimewahukumu wote wawili, na kila Alhamisi ya maisha yangu nitaegemea ukuta ule nikitikisa kichwa na wazee wale. Sikuwa na ushujaa wowote. Niliogopa ule ukuta kuliko nilivyomwogopa ami.

"Haya, msomi," akasema. "Nani kamuua?"

"Hakuuawa, Ami. Alivunjika mguu."

"Nani kakwambia?"

"Mashine imeonyesha."

"Mashine ilikuwepo?"

"Haikuwepo. Na wewe hukuwepo, Ami."

Mzee mmoja akajisahau, akatikisa kichwa kukubali. Baba alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Umekosea tu, Ami. Na mimi pia huenda nimekosea. Lakini waziri simsingizii, na posa yangu siiondoi."

Baba akainuka. Mimi sikuinuka. Nikamnyooshea ami finjani yangu bila kuitikisa, kwani anayeitikisa ametosheka, nikauacha mkono hewani nikingoja aniongeze kahawa.