Mieleka ya Bibi na Kompyuta ya Mjomba

Mjomba wangu ni mtu wa kukaa. Ukimwacha asubuhi kwenye meza yake pale dirishani, ukirudi jioni utamkuta palepale, vikombe vya chai tu ndivyo vimeongezeka. Bibi, ambaye ndiye mama yake, huwaambia wageni, "Mwanangu kazi yake ni kuangalia." Wageni hudhani ni mlinzi.

Kumbe anaandika programu. Hiyo programu inafanya kompyuta moja ijifanye nyingi, kama nyumba ya wapangaji ambao kila mmoja anadhani anaishi peke yake. Sehemu ya Mjomba ndiyo inayogawa vyumba: nani akae wapi, na chumba kikibaki kitupu kivunjwe. Ameiandika kwa miaka miwili.

Jumatatu mkuu wake wa kazi alipiga simu. Mjomba huweka sauti nje, kwa hiyo nyumba nzima tulisikia. Mashine za wateja zilikuwa zinaganda ghafla, na kosa lilikuwa kwenye vyumba vya Mjomba.

"Ijumaa saa sita mchana," mkuu akasema. "Kama hujalipata, sehemu yako naing'oa yote. Tunarudia ile ya zamani."

Mjomba akaanza kuwinda. Akaijaribu programu mara elfu kwenye kompyuta yake: nzima. Akaongeza mistari ya kumwonyesha kila hatua inayopita. Programu ikatembea kwa adabu kama mtoto aliyeona mgeni. Akaacha kunyoa ndevu. Chai hakuacha.

Na Bibi naye anapenda mieleka. Mjomba akienda kuoga, yeye hukalia kiti, akafungua mapambano kwenye kompyuta ileile huku majaribio ya Mjomba yanaendelea. Jumatatu hiyohiyo alimwambia, "Kimashine chako kinaganda nikifika pale patamu." Mjomba hata hakugeuka. "Mama, utaniharibia kazi." Akaweka neno la siri.

Mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi hakuwa na kitu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama anayehofia kitaanguka. Bibi akapita na ufagio.

"Bado tu haijaganda?"

"Bado, mama."

"Ungeniachia mimi ingeshaganda zamani."

Mjomba akainua kichwa polepole. "Ilikuwa inaganda lini hasa?"

"Si nilikwambia? Yule mnene akishamnyanyua mwenzake."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifuta neno la siri haraka vile. "Mama, naomba uketi. Tazama mieleka, tafadhali."

"Sasa hivi nafagia."

"Nitafagia mimi!"

"Na jikoni?"

"Na jikoni."

Bibi akaketi, akanyoosha miguu. Mjomba akafagia shingo imegeukia kioo cha kompyuta, vumbi lote akalirudisha lilikotoka. Alinieleza baadaye: mieleka, hasa picha zikienda kasi, iliipa mashine kazi nyingine, ikawa inahangaika kugawa zamu, na hatua zilizozoea kufuatana zikaanza kuingiliana.

Pambano la nne, yule mnene akanyanyua mtu juu. Kompyuta ikaganda.

"Umeona!" Bibi akapiga kelele. "Angalia alivyokuwa kambeba!"

"Asante, mama!" Mjomba akambusu utosini, ufagio mkononi.

Kosa lenyewe hata mimi nililielewa. Programu ilikuwa inauliza kama chumba kina mtu, inajibiwa hakuna, ndipo inakwenda kufunga mlango ili ivunje. Kwenye nafasi hiyo ndogo, mpangaji mwingine ameshaingia. Basi inamvunjia na yeye yumo. Mjomba akapandisha mstari mmoja juu ya mwingine: funga mlango kwanza, ndipo uulize. Akarudia majaribio yote, mieleka ikiendelea. Haikuganda. Akatuma saa sita kasoro dakika kumi.

"Siku tano, mstari mmoja?" Bibi akauliza.

"Mmoja, mama."

"Na hata si mpya. Umeuhamisha tu."

Kwenye kazi yao, chini ya kila rekebisho huandikwa jina la aliyegundua kosa. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na miwani yake, kwa hiyo Mjomba aliandika ukweli: jina la Bibi.

Mkuu akapiga. "Sehemu yako inabaki. Lakini huyu aliyegundua ni nani? Nataka kuongea naye."

Mjomba akamsogezea Bibi simu. Bibi akaisukuma kwa kiwiko, macho kwenye kioo.

"Mwambie niko kazini."