Upanga Mrefu Katika Meli Fupi

Mjomba wangu, ambaye kazini wanamwita Jemadari, hajawahi kupigana na kitu chochote isipokuwa mlango wa stoo unaokwama mvua ikinyesha. Jina hilo alilipata kwa sababu ndiye mtunza vifaa wa ukumbi wa maigizo, na silaha zote za jukwaani amezitengeneza kwa mikono yake. Huzifuta vumbi kwa upole ambao wanawe wangeufurahia sana.

Kipenzi chake kilikuwa upanga mmoja wa alumini, mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili. Hakumruhusu mwigizaji yeyote kuugusa. Alikuwa akimsubiri mtu mwenye hadhi ya kuubeba, na kwa bahati njema mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Nafasi ilipatikana pale mwigizaji wa nahodha, katika mchezo wa maharamia, alipovunjika mguu. Mwongozaji akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona mjomba. Baada ya kuishi nyuma ya pazia tangu ujana, sasa angesimama mbele ya watu. Habari hizo alimweleza kila jirani, kinyozi wake, na hata daktari wa meno, kadiri mdomo ulivyoruhusu.

Mkewe ni fundi wa mavazi hapo hapo ukumbini. Akimpima koti la nahodha, alimwambia, "Baba watoto, mabaharia walibeba panga fupi zilizopinda kidogo. Nimeziona kwenye picha za mavazi."

"Hizo si panga, mama. Ni miundu iliyokosa shamba."

"Haya, nahodha. Inua mkono."

Siku ya mazoezi, mjomba alipanda melini. Meli hiyo aliijenga mwenyewe: dari ya chini, mlingoti katikati, kamba kila upande, kwa kuwa aliagizwa ifanane na meli ya kweli na yeye hafanyi kazi nusunusu. Jambo moja dogo tu lilimpita. Hakuwahi kuupima upanga wake humo ndani.

Aliuvuta, kiwiko kikagonga mlingoti. Akauvuta tena, ukatoka, ncha ikachoma dari. Alipouzungusha kwa madaha, ulinasa kwenye kamba na tanga likamfunika msaidizi wake. Wakati huo haramia, aliyeshika mwiko kwa kuwa silaha yake ilikuwa bado haijakauka rangi, alisogea taratibu akamgusa kifuani.

"Nahodha, pole. Umeshakufa."

"Nahodha hafi mapema hivi," mjomba alijibu, akiendelea kuvuta.

Kisha, kwa unyenyekevu wake wote, akapendekeza meli ipanuliwe.

"Meli haipanuki," mwongozaji alisema. "Kesho ukija na mkuki huo, koti atalivaa huyu wa mwiko."

Jioni ile alikaa kwenye meza yake ya kazi, upanga mapajani, kama mtu anayeuguza. Mkewe akavuta kigoda.

"Huo unataka uwanja," alimwambia. "Unataka mtu aliyefundishwa miaka, mwenye nafasi ya kurudi nyuma na kuchoma kutoka mbali. Melini watu wamebanana bega kwa bega. Baharia alihitaji bapa fupi, zito, lenye makali upande mmoja. Limepinda ili likate hata pale mkono unapokosa nafasi ya kurushwa. Mpini una kikombe cha chuma kulinda vidole. Na vita vikiisha, linakata kamba."

"Kwa hiyo ni kifaa cha kazi," mjomba alisema, kama anayetajiwa ugonjwa.

"Kama wewe tu."

Mjomba aliinuka. Halafu akaubana upanga mezani na kuchukua msumeno.

"Ukikata, haurudi," mkewe alisema.

"Najua. Shika huku."

Alikata, akaondoa makali ya upande mmoja kwa tupa, akaupinda juu ya bomba kwa nyundo. Kikombe cha vidole kilitokana na upawa wa jikoni, ambao mwenye jiko hakuulizwa.

Kesho yake haramia alikuja na mwiko wake na tabasamu. Silaha ya mjomba ilitoka kiunoni bila kugusa kitu, ikapita chini ya kamba, ikaupiga mwiko ukaruka, na haramia akajikuta mgongo kwenye mlingoti. Ukumbi mzima ulisubiri maneno ya nahodha. Mjomba alifungua mdomo, akaufunga.

"Koti ni lako, Jemadari," mwongozaji alisema. "Sasa nenda ukakariri."