Fonie ya Mukeke Ilipokataa Kusema

Wakati wa vita, barabara ya Kazimia ikiwa imefungwa na kila mtu akiwa na habari zake za kutisha, mimi nilikuwa mtu mkubwa mjini Baraka. Nilikuwa opereta wa fonie, ile redio ya kuongelea mbali, kwenye depo ya mfanyabiashara wa samaki. Watu walinisalimia mara mbili, na kusema kweli niliona wanachelewa kunisalimia mara ya tatu.

Fonie yetu ilikuwa na kadi ya kuchomeka, na kadi hiyo ilinishinda kwa kiburi. Haifanyi kazi mpaka uiambie kila kitu: ipite njia ipi, ishike bande, yaani mawimbi, ya juu au ya chini, kisha ubonyeze kitufe kuithibitishia. Ukisahau jambo moja, inakutazama tu. Na kama wewe umeweka bande ya juu na mwenzako ameweka ya chini, sauti inakujia kama ya bata anayehubiri. Majina ya miji hatukuyataja, kwa sababu wenye bunduki nao walisikiliza. Sisi tulikuwa Mukeke na Kazimia walikuwa Kuhe, majina ya samaki. Siri hiyo ilijulikana na kila muuza mihogo mpaka Mboko.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana aliyekwenda Kazimia kununua samaki, kisha mapigano yakamfungia huko. Ikaja habari kwamba mtumbwi wao umepigwa risasi na hakuna aliyepona. Dada akakataa bugali, akakataa chai, akawa anakaa mlangoni kutwa nzima akitazama ziwa. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na kumwona vile kuliniuma sana. Basi asubuhi moja opereta wa Kuhe aliponiambia, "Kuko kijana moya hapa, anasema ni mukwe yenu, nitamuleta ku fonie muchana," nilikimbia nyumbani na kiatu kimoja.

Dada hakuamini. Vita vilikuwa vimetufundisha kwamba habari njema nazo hudanganya. Alisema akisikia sauti ya kijana mwenyewe, hapo ndipo atakula.

Mama naye akavaa kitenge. Nikashangaa, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawazungumzi. Wakikutana njiani, mmoja huingia katikati ya mihogo mpaka mwenzake apite.

"Mi siendi kuongea," mama akasema. "Naenda kusikia tu."

Alipofika depo akakaa juu ya gunia la ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, akaipa fonie mgongo, akajifunika kitenge kichwani. Heshima ni heshima, hata mbele ya mashine.

"Kuhe, Kuhe, hapa Mukeke. À vous," nikaita, nikimpa zamu ya kusema.

"Cinq sur cinq, Mukeke, nakusikia muzuri! Namupatia micro. Mi natoka kidogo, navuta sigara."

Nikabonyeza kitufe cha micro nimkaribishe shemeji. Papo hapo vumbi la ndakala likampanda mama puani, akakohoa. Kikohozi cha mama kinajulikana. Kanisani mhubiri hukingojea kipite ndipo aendelee.

"Ongea, shemeji. À vous."

Shhhhh.

Nikaita tena. Shhhhh. Nikaichomoa kadi, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Nikaipa njia upya, bande ya juu, kitufe. Shhhhh. Nikaipa bande ya chini, nikapata mabata wawili wa sijui wapi wakigombana juu ya mafuta ya mawese. Nikarudi juu. Nikabadilisha betri. Nikampandisha dada juu ya pipa aunyanyue waya wa antena, akasimama pale machozi yanamtoka, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje. Nikaitukana kadi pamoja na kiwanda kilichoizaa.

Dada akashuka polepole.

"Si yeye," akasema. "Balituletea muntu mwingine. Anaogopa kuongea, anajua nitajua sauti."

Nikanyoosha mkono niichomoe kadi tena, na nilikuwa nataka kulia mimi mwenyewe.

Hapo opereta wa Kuhe akarudi hewani. "Mukeke, munafanya nini huko? Mukwe yenu amefunika uso na kofia, amegeukia ukuta, anakatala micro. Anasema mama mukwe iko hapo, amesikia kikohozi."

Kadi ilikuwa nzima muda wote. Ilikuwa imebeba heshima tu, kutoka Kazimia hadi Baraka, na mimi nikaichomoa bure.

Mama, bila kugeuka, akasema, "Umuambie mi siko hapa."

"Kuhe, mama anasema haiko hapa. À vous."

"Kama haiko, njo nani amesema? À vous."

Nyuma ya kicheko cha opereta, mbali kidogo, ikasikika sauti nyingine iliyoelekea ukutani: "Umuambie mama jambo. Umuambie niko muzima."

Dada akaninyang'anya micro. Akaishika kwa mikono miwili.

"Ni weye?"

"Ni miye."

Basi, hayo tu. Kabla hata hajabonyeza kitufe tena, sauti nene tusiyoijua ikaingia: "Mungu asifiwe! Hapa Mboko tulikuwa tunawangojea tangu muchana, hata chakula imepoa!" Dada akacheka na kulia kwa pamoja, akaketi sakafuni.

Ndipo mama akafunua kitenge. Akageuka, akaitazama fonie usoni kana kwamba kijana amesimama ndani yake, akaniashiria niichukue micro kwa dada nimshikie mdomoni. Sijawahi kumwona mama yeyote wa kwetu akifanya hivyo, wala sijaona tena.

"Mutoto yangu," akasema, "tulishakulilia. Ukuye nyumbani."

Nikaachia kitufe. Shhhhh. Tukangoja. Shhhhh. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kadi, kisha nikakumbuka ile kofia na ule ukuta, nikaurudisha mfukoni.