Swali la Tatu Kule Mutomo

Miaka ile ya themanini, kamati ya kanisa letu la Tawa ilinituma Mutomo kuandika maneno ya wanawake waliopigwa na waume zao. Tulikuwa tukitayarisha waraka wa kuiomba serikali iwakataze machifu kurudisha kesi hizo kwa wazee wa ukoo. Nilichaguliwa kwa kuwa ni mwalimu mstaafu, na dada yangu Mwikali ameolewa huko. Maswali niliyatunga mwenyewe, na niliyaonea fahari.

Jumanne alfajiri niliteremka hadi Kibwezi, nikapata lori la saruji la kuelekea Kitui. Vumbi la Ikutha lilinizeesha zaidi ya umri wangu. Njia nzima niliwatungia machifu maneno makali.

Saa kumi jioni nilifika Mutomo. Mwikali alinipa chai. Kanini, binti yake, alikuwa ameketi kando, mkono umefungwa plasta. Mumewe alikuwa ameuvunja.

"Wakwe zake wanaleta mbuzi wa suluhu Jumamosi," Mwikali alisema. "Wamekuwa wakingoja mjomba."

Nilimjibu kwamba hilo tutalizungumza nikimaliza kazi.

Jumatano asubuhi wanawake walijaa kanisani. Nilianza na dada yangu ili wengine wapate moyo. Swali la tatu lilikuwa hili: ulimweleza nani, naye alifanya nini? Nililiandika nikiwawinda machifu.

"Nilimwambia kaka yangu," alisema. "Bwana yangu akaleta mbuzi. Kaka akakula, akanirudisha."

Kalamu ilisimama. "Hiyo ni ya nyumbani, Mwikali. Tuiruke."

"Swali ni lako, mwana wa mwaitu, ndugu wa tumbo moja. Andika. Na jina uweke."

Wanawake wale walitazama chini kwa kunihurumia, na huruma yao iliniaibisha kuliko matusi. Niliandika jina langu kwa mwandiko ambao ningemchapa mwanafunzi kwa ajili yake.

Alhamisi sikungoja wakwe. Nilimpeleka Kanini kituo cha polisi akaandikisha ripoti, kisha tukapanda lori la kurudi. Tulipokaribia Kibwezi aliniuliza, "Mjomba, hiyo mbuzi ya mama ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu," nilisema. "Hata niliongezwa."

Aligeuka akatazama barabara mpaka tulipofika Tawa.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilinishauri nifute jina langu, eti kwa heshima ya kanisa. Nilikataa. Niliwaambia kwamba nilisafiri kwenda kumtafuta mkosaji, kumbe nilikuwa nimemvalisha koti nikaondoka naye. Kisha nikaomba tuongeze jambo moja kwenye waraka: ndugu anayepokea mbuzi ili kesi isifike polisi, naye ashtakiwe.

Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono. Wazee wote waliinama wakatazama meza. Kila mmoja wao ana dada aliyeolewa.