Kombe la Kumi na Mbili

Fundi vigae huyu mtaani wanamwita Gonga, na jina limemkaa. Akimaliza kupanga vigae sakafuni hupiga magoti na kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha. Kikilia "pwo", chini kuna uwazi. Anakibandua, anaanza upya. Sokoni hugonga matikiti. Mkewe anaapa kwamba siku ya posa aligonga meza ya wakwe.

Jumapili asubuhi huenda ufukweni kuokota makombe, lakini si kombe lolote tu. Anatafuta visukuku: makombe ya viumbe waliokufa zamani mno, yakafunikwa na tope hadi yakageuka mawe. Hakusomea popote. Aligundua mwenyewe kwamba kombe la juzi ni jepesi na hulia "pwo", wakati kisukuku ni kizito, kimejaa jiwe tumboni, nacho hujibu "ti" fupi, kama kigae kilichokaa sawa. Wenye vyeti wangapi wamepita ufukweni pale na masikio yao mawili bila kulisikia hilo?

Mwaka huu mkutubi wa maktaba ya mtaa alimwahidi kabati la kioo lenye vyumba kumi na viwili, aonyeshe visukuku vyake humo mwezi mzima.

"Lakini lijae, Fundi," alisema yule dada. "Na viwe visukuku kweli. Likibaki pengo hadi Jumamosi, nampa yule mzee anayekusanya vifungo."

Ijumaa jioni Gonga akavipanga mezani, kumi na viwili kamili. Cha mwisho kilikuwa kipenzi chake: kombe jeusi tii, ambalo hakuna mgeni aliyetoka nyumbani mwake bila kuonyeshwa.

Mkewe akalinyanyua. "Baba Mapacha, mbona jepesi hivi? Uliwahi kuligonga?"

"La kugonga nini? Huoni weusi wake? Hilo limeuzidi umri ukoo wenu wote."

"Ukoo wetu uache. Gonga."

Akagonga. Pwo.

Akaligeuza kwenye mwanga. Penye bawaba, pale kombe hushikana na mwenzake, palikuwa na utepe wa kahawia uliopinda kwa ukucha. Utepe ule huoza. Haungoji kombe ligeuke jiwe. Weusi wenyewe ulikuwa rangi ya tope tu.

"Miaka minne natembeza kombe la juzi!" Akaketi.

"Si uliweke tu? Kwani mkutubi ataligonga?"

"Hatagonga. Lakini mimi nitapita pale kila siku, na kidole kitaniwasha."

Akaenda kuoga apoe. Walipohamia nyumba ile, kabla hajajua habari za visukuku, alimpambia mkewe kioo cha bafuni kwa kubandika makombe ukutani, kukizunguka. Sasa, povu kichwani, akakumbuka: moja lilimtesa siku ile. Liliteleza mara tatu, hadi akalishikiza ukutani kwa utepe wa plastiki gundi ikauke, na kumtukana mwenye duka aliyemuuzia gundi mbovu. Kumbe gundi ilikuwa nzima. Kombe ndilo lililokuwa zito!

Akaanza kugonga. Pwo. Pwo. Pwo. Pwo. La tano, juu kabisa: ti.

"Mama Mapacha! Nipe patasi!"

Mkewe akaja mikono mitupu, akasimama mlangoni. "Patasi ya nini bafuni?"

"Kisukuku, mke wangu! Miaka kumi na moja nanyoa ndevu chini yake!"

"Basi endelea kunyoa. Uking'oa hilo, kioo changu kinakuja nalo. Thubutu!"

Jumamosi mkutubi alipofika na boksi lake, alikuta vipande kumi na kimoja na mume na mke wasiosemezana. Gonga akamweleza yote, hata aibu ya kombe jeusi, kisha akampeleka bafuni. Mkutubi akaweka sikio ukutani. Pwo, pwo, ti. Akacheka hadi akashika sinki.

"Mzee wa vifungo atangoja," akasema, akaomba kalamu.

Ndani ya chumba cha kumi na mbili cha kabati kuna kadi tu: "Hiki ni kizito, kimekaa sawa na hakitoki. Kiko bafuni kwa fundi vigae, nyuma ya maktaba. Bisha hodi kwanza."

Wiki ya kwanza walibisha hodi watu kumi na tisa. Mkewe ndiye aliyewapokea, akisoma masharti kwa sauti: viatu nje, mmoja mmoja, kugonga ruksa, patasi marufuku.