Thacienne na Majani ya Leta

Katika vilima vya Kashuga, huko Masisi, hapakuwa na mtu aliyejua kudharau kama Thacienne. Alidharau kahawa ya wazungu, alidharau viatu, na mwaka wa hamsini na mbili alipata cha kudharau kikubwa zaidi: Nestor, moniteri, yaani mwalimu wa kilimo.

Nestor alikuwa ametoka Walikale. Huko aliwalazimisha watu wa msituni kupanda majani ya kulisha ng'ombe chini ya miti minene, mahali pasipoingia jua wala pasipopita ng'ombe hata mmoja. Yalioza yote. Sasa alikuja Masisi na mbegu zilezile, akasimama mbele ya kanisa akiwa na kofia yake, akaeleza kwamba majani hayo hupenda baridi, kilima na jua la wazi. Ukiyapanda mara moja yanakaa miaka, ukiyakata yanarudi, mizizi yake inashika udongo usichukuliwe na mvua, na ng'ombe akiyala tumbo halimvimbi. Watu wakayaita majani ya Leta, yaani ya serikali. Kila mtu alipewa kikombe cha mbegu, na kila shamba la mteremko lilitakiwa kuwa na mistari mitatu. Agronome, bwana shamba mkubwa wa serikali, akija na kukuta shamba tupu, litapewa mwingine.

Shamba la Thacienne lilikuwa la mteremko, na ndilo pekee aliloachiwa na marehemu mumewe. Viazi vyake, maharage yake, vyote vilitoka pale.

"Mutapanda, mutangojea," alisema Nestor. Hakujua zaidi ya hapo, maskini, na wala hakuona aibu.

Thacienne alichagua mbegu kama mama zake walivyochagua maharage: kwa meno. Iliyokuwa ngumu aliipanda, iliyokubali jino aliirudisha kikombeni. Jirani yake Verdiane, mjane kama yeye, hakuwa na meno ya kuuma chochote. Alikaa mlangoni akisugua mbegu zake juu ya jiwe la kusagia.

"Sasa unapanda ao unapika bugali?" Thacienne alimuuliza, akaenda zake akicheka.

Wiki tatu baadaye mistari ya Verdiane ilikuwa ya kijani. Ya Thacienne ilikuwa na upara. Akafukua mbegu moja: iko vilevile, kavu, kama changarawe. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wa Thacienne ulikuwa umevimba kweli. Alikasirika, akamlaani Nestor, akailaani Leta, kisha akaogopa. Mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki kabla ya Agronome kuja.

Alizunguka nyumba ya Verdiane mara mbili kabla ya kubisha hodi.

"Mama Verdiane, ulifanya je?"

Verdiane hakucheka, na hilo lilimuuma Thacienne kuliko kicheko. "Hizi mbegu ziko na ngozi nguvu sana. Maji itapitia wapi? Nilisugua ku jiwe na muchanga kidogo, kiisha nikalowesha siku moja. Uliuma na meno ukapanda zile nguvu, dada. Uliacha zile nzuri ku kikombe."

Thacienne akaazima jiwe. Akasugua kikombe chake chote hadi mikono ikamwasha, akapanda upya, akapalilia kwa vidole. Siku ya kumi na mbili zikatoka.

Agronome alipofika alikuta mistari mitatu, mifupi lakini imejaa. Akaiandika, akaridhika. Mashamba manane ya jirani yalikuwa tupu, hivyo akauliza ni nani aliyemfundisha mama huyu.

"Ni miye," alisema Nestor, kifua mbele.

Thacienne angeweza kunyamaza. Shamba lilikuwa limeshaandikwa lake, na jina la Verdiane lilikuwa zito kinywani mwake. Lakini kumwachia Nestor hata chembe moja ya sifa ile, hapana.

"Mwongo," alisema. "Ni Mama Verdiane njo alinifundisha, yule asiye na meno. Waende kwake hawa wote munane, mbele ya kuwanyanganya mashamba. Huyu alitufundisha kungojea tu."